Cajal, Mtu Aliyeona Miti Pale Wenziwe Walipoona Wavu

Nianze na mamangu, kwa maana lau si yeye nisingemjua mtu huyu ninayetaka kukusimulia leo. Mamangu, Mungu amrehemu, aliugua sukari kwa miaka mingi, na katika miaka yake ya mwisho macho yalimwishia nguvu. Tulimpeleka kwa daktari tukidhani ni mtoto wa jicho, maradhi ambayo wazee wetu wengi wa Pwani wanayajua, na kwamba atapasuliwa arudi nyumbani akisoma msahafu wake kama zamani. Daktari akamtazama kwa taa yake ndogo, kisha akatwambia kuwa kioo cha mbele ni kizima. Kilichoharibika ni utando wa nyuma ya jicho uitwao retina, na sukari ndiyo iliyoula.

Niliporudi nyumbani nilifungua kamusi ya Kiarabu, kama ilivyo ada yangu ninapokutana na jina nisilolijua. Nikakuta kwamba Waarabu utando huo huuita shabakiyya, yaani kitu chenye namna ya shabaka, na shabaka ni wavu. Wayunani wa kale walikuwa wamekwisha kuupa jina la namna hiyo, yasemwa ni kwa ajili ya mishipa ya damu iliyotandaa juu yake. Hunayn bin Is-haq, tabibu na mfasiri wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, akaliandika kwa Kiarabu katika makala zake za jicho. Baadaye Walatini wakalichukua, wakalisema kwa lugha yao, nalo likawa hilo retina tulilolisikia siku ile kwa daktari. Jina moja hili, basi, limevuka bahari kama jahazi, na kila bandari limebadilishiwa tanga.

Nikawa nasoma, na kusoma kukanivuta. Ndipo nikakutana na Mhispania mmoja, Santiago Ramón y Cajal, ambaye alitumia miaka mingi ya umri wake kuutazama wavu huo mpaka akatambua kuwa sio wavu. Na jambo hilo, msomaji, lilizua ugomvi mkubwa miongoni mwa wataalamu wa Ulaya.

MTOTO MTUNDU

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei mwaka 1852 katika kijiji kidogo cha milimani kiitwacho Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Babake, Justo Ramón, alikuwa mtoto wa maskini aliyejisomesha kwa taabu mpaka akawa mganga wa kupasua, na baadaye daktari kamili. Mtu aliyepanda kwa kucha zake mwenyewe aghalabu huwa mkali kwa mwanawe, na Justo alikuwa mkali hasa. Alitaka mwanawe awe daktari. Mwana naye alitaka kitu kimoja tu duniani, kuchora.

Alichora juu ya karatasi, juu ya kuta, juu ya milango ya majirani. Babake aliona huo ni upuuzi usiolisha mtu. Yasimuliwa kuwa siku moja aliuchukua mchoro wa kijana akampelekea fundi aliyekuwa akipaka rangi kuta za kanisa kijijini, amwambie kama mtoto huyu ana kipaji. Fundi akautazama, akasema hana. Basi hukumu ikapita hapo, ikipitishwa na mpaka rangi, na karatasi na kalamu za rangi zikapigwa marufuku nyumbani.

Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Katika chuo chetu alikuwako mwenzetu aliyekuwa akichora majahazi nyuma ya ubao wake badala ya kuandika alifu na be, na bakora zake nazikumbuka mpaka leo. Sijui dunia ilipoteza nini pale. Watoto wengi tumewakata mbawa kwa nia njema.

Cajal alikuwa mtundu kupita kiasi. Alipokuwa na umri wa miaka kama 11 hivi alitengeneza mzinga kwa gogo la mti, akaujaza baruti na mawe, akalipua lango jipya la jirani. Alitiwa kizuizini siku kadhaa, na babake hakumtetea. Shule ya mapadri mjini Jaca ilimchapa na kumnyima chakula, wala haikumbadilisha. Babake akamtoa masomoni akampeleka ajifunze kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Husemwa kwamba viatu alivishona vizuri, kwa sababu mikono yake ilikuwa na akili yake mbali.

MIFUPA YA MAKABURINI

Mwaka 1868 mzee alipata njia. Alimchukua kijana mpaka kwenye makaburi ya zamani ambako mifupa ilikuwa imetokeza juu ya ardhi, wakachagua na kuileta nyumbani, akamwambia aichore. Hapo pakatokea muujiza mdogo. Kijana aliyechukia vitabu akawa hataki kuuacha mfupa mpaka ajue kila pembe yake, kwa maana huwezi kuchora vema kitu usichokijua. Baba naye, ambaye alichukia michoro, akawa anaisifu mpaka akawaza kuichapisha kitabu. Mapenzi ya mmoja na matakwa ya mwingine yakakutana juu ya fuvu la mtu wasiyemjua.

Alisomea utabibu Zaragoza, mji ambao mababu wa Andalusi waliuita Saraqusta, na ambako alizaliwa Ibn Bajja, mwanafalsafa, kabla ya mji ule kutoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1118. Cajal alihitimu mwaka 1873. Mwaka uliofuata alipelekwa Cuba akiwa daktari wa jeshi, wakati Hispania ilipokuwa ikipigana na Wacuba waliotaka uhuru wao. Kambi zilikuwa katikati ya mabwawa. Mbu walifanya yale ambayo risasi hazikufanya. Alishikwa na malaria na kuhara damu mpaka akabaki mifupa na ngozi, akarudishwa kwao mwaka 1875. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa homa hiyo ni nini.

Kwa akiba ya mshahara wa jeshi alinunua hadubini yake ya kwanza, kwa malipo ya kidogo kidogo. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho tupu. Kisha mwaka 1878 akatema damu. Ilikuwa kifua kikuu, na zama hizo kifua kikuu kilikuwa kama barua ya kuitwa. Lakini akapona. Mwaka 1879 alimuoa Silveria Fañanás, na nyumba yao ikajaliwa watoto 7, ambao baadhi yao walitangulia mbele ya haki wazazi wangali hai. Bibi huyu hatajwi sana, nami naona ni dhuluma. Pesa za nyumbani zilikuwa chache, na nyingi katika hizo zilikwenda kwenye kemikali, vioo na gharama za kupiga chapa. Silveria alizibana za jikoni ili za hadubini zipatikane. Kila mwenye mume wa kalamu au wa vitabu anajua nasema nini.

Mwaka 1885, Cajal akiwa mwalimu mjini Valencia, kipindupindu kiliingia Hispania. Wakuu wa Zaragoza walimtaka achunguze maradhi hayo, akafanya kazi hiyo kwa bidii, nao wakamshukuru kwa kumpa hadubini mpya ya Zeiss, kutoka Ujerumani. Kwa mtu kama yeye zawadi hiyo ilikuwa bora kuliko shamba la minazi.

DAWA ILIYOTOKA JIKONI

Sasa ni lazima nikueleze ugomvi wenyewe. Katika zama zile wataalamu walijua kuwa mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vidogo vyenye uhai, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Walakini ubongo na mishipa ya fahamu iliwashinda. Ukiutazama kwa hadubini waona nyuzi juu ya nyuzi, msitu usiopenyeka, hujui uzi huu watoka wapi na ule waishia wapi. Wengi wakasema basi ubongo ni wavu mmoja, nyuzi zake zote zimeshikana na kuingiana, na fikira hupita humo kama maji yapitavyo katika mifereji iliyounganishwa.

Mwaka 1873, Mtaliani Camillo Golgi, akifanya kazi usiku katika jiko la hospitali alilolifanya maabara, aligundua dawa ya ajabu. Alilowesha kipande cha ubongo ndani ya chumvi iitwayo dikromati ya potasi, kisha ndani ya nitrati ya fedha. Seli chache tu kati ya nyingi zikapakwa rangi nyeusi toka shina hadi kitawi cha mwisho, na zilizobaki zikawa hazionekani. Ni kama mtu aliyeingia msituni usiku, kisha ghafla miti mitatu minne ikawaka taa. Golgi alipata taa, lakini kwa mwanga wake aliona bado ule ule wavu. Yeye alikufa mwaka 1926 akiamini wavu.

Dawa hiyo haikupokelewa sana. Ilikuwa ngumu, mara inakubali mara inakataa. Mwaka 1887 Cajal alikwenda Madrid, na daktari mmoja, Luis Simarro, aliyekuwa ameileta njia hiyo kutoka Paris, akamwonyesha vipande vyake. Cajal akainama juu ya hadubini. Yule mtoto wa kuchora juu ya milango aliona mbele yake michoro ya wino mweusi juu ya karatasi ya manjano, ila aliyeichora si mwanadamu. Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine.

HILA YA MITI MICHANGA

Mwaka ule ule alihamia Barcelona, na mwaka 1888 akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo kubwa katika maisha yake. Aliona kwamba msitu mkubwa haupenyeki, na hata ukiangaza miti michache bado matawi yake yamesongamana. Basi akajiuliza, mbona nisiuchunguze msitu ungali mchanga, kila mti ungali mche umesimama peke yake? Akaacha ubongo wa watu wazima na wanyama wakubwa. Akachukua ndege wachanga, vifaranga walio bado ndani ya mayai, na wanyama waliozaliwa jana na juzi. Akazidisha nguvu ya dawa ya Golgi na kuirudia mara mbili. Nayo ikakubali.

Alichokiona ni kwamba kila seli ya fahamu ni mti wake peke yake. Ina shina, ina matawi, na matawi hayo hufika karibu kabisa na seli ya jirani, huizunguka hata, lakini hayaingii ndani yake. Ni majirani wa mtaa mmoja wanaopeana habari dirishani, kila mtu ana nyumba yake. Na zaidi ya hayo, katika retina aliona habari ina upande inakotoka na upande inakokwenda. Mwanga hupokewa na seli za nyuma kabisa ya utando, nazo zikampa habari jirani, na jirani akampa jirani, mpaka zikafika kwenye seli ambazo nyuzi zake ndefu hukusanyika kuwa mshipa mmoja uendao ubongoni.

Nani angemsikiliza? Hispania wakati huo haikuhesabiwa katika elimu hizo, na Kihispania hakikusomwa na wakubwa wa Ujerumani. Cajal akaanzisha jarida lake mwenyewe mwezi wa Mei mwaka 1888, kwa pesa zake, akichora picha zake kwa mkono wake. Nakala zilikuwa 60 tu, na nyingi alizipeleka nchi za nje. Majibu yakawa haba. Mwezi wa Oktoba mwaka 1889 akafunga safari hadi Berlin, kwenye mkutano wa wataalamu wa miili, akiwa na hadubini yake na vipande vyake, na Kifaransa cha kubabaisha. Aliweka hadubini mezani, akawa anamshika mkono kila mwenye subira aje atazame.

Aliyetazama kwa makini alikuwa Albert von Kölliker, mzee wa miaka 72, jina kubwa katika elimu hiyo Ulaya nzima. Mzee huyo alikuwa ameamini wavu. Aliinama, akatazama, akainuka, akabadili rai yake. Akamchukua kijana huyo wa Hispania hotelini kwake, akamkaribisha chakula, akamjulisha kwa wenziwe, na inasemwa alijifunza Kihispania ili azisome karatasi zake. Mimi, msomaji, nikiulizwa shujaa wa kisa hiki ni nani, ulimi huwa mzito kumtaja Cajal peke yake. Kijana kuona jipya ni jambo la kawaida. Mzee mwenye sifa zake kukubali mbele ya watu kwamba alikosea, hilo ni nadra kama kaskazi mwezi wa Juni. Mwaka 1891 Mjerumani Waldeyer akaipa seli hiyo jina nyuroni, nalo ndilo linalotumika hadi leo.

JICHO, MPENZI WAKE WA ZAMANI

Katika sehemu zote za fahamu, Cajal aliipenda retina kuliko zote, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Nami naona sababu. Retina ni kipande cha ubongo kilichotoka nje kuja kuutazama ulimwengu. Unene wake hauzidi nusu milimita, lakini ndani yake mwanadamu ana seli za kupokea mwanga kiasi cha milioni 120 za kuonea gizani na milioni 6 za kuonea rangi na mchana, na habari zote hizo zapita katika nyuzi milioni 1 hivi za mshipa wa jicho. Zimepangwa safu kwa safu, kama jamaa msikitini. Mwaka 1892 Cajal alichapisha katika jarida moja la Ubelgiji kitabu kizima juu ya retina za samaki, vyura, ndege na wanyama wenye kunyonyesha, na michoro yake yatazamwa mpaka leo.

Humo alikutana na seli zilizomtatiza. Zilikuwa na matawi lakini hazikuwa na ule uzi mrefu wa kupelekea habari. Akaziita kwa Kiyunani amakrini, yaani zisizo na uzi mrefu. Kazi yake nini, hakujua vema. Na katika kitabu hicho hicho alitupa wazo jingine. Miaka miwili nyuma, ndani ya kijusi cha kuku, alikuwa ameona kwamba uzi wa fahamu unaokua una ncha kama kiganja chenye vidole, unapapasa njia. Aliuliza, kiganja hiki chajuaje pa kwenda? Akadhani kuna vitu vya kikemikali vinavyotolewa na seli nyingine, vikauvuta uzi kama harufu ya chakula ivutavyo chungu. Hakuwa na njia ya kuthibitisha. Aliliacha swali limesimama mlangoni.

Zawadi ya Nobel ilikuja mwaka 1906, na hapa Mwenyezi Mungu aliwakutanisha mahasimu. Walipewa wawili, nusu kwa nusu, Golgi na Cajal, aliyetengeneza taa na aliyeona kwa taa hiyo. Walikutana Stockholm mwezi wa Disemba. Golgi alisimama siku ya kwanza akatumia hotuba yake kuipinga rai ya nyuroni. Kesho yake Cajal akasimama akaieleza. Ulikuwa mkutano mzito. Lakini ninalompendea Cajal ni kwamba katika maandishi yake hakuacha kuitaja njia ile kuwa ni ya Golgi. Mtu aweza kumpinga fundi wake bila ya kumnyang'anya nyundo.

Umaarufu haukumlevya. Alipoahidiwa uwaziri wa elimu aliukataa, na alipopewa maabara ya serikali aliomba mshahara wake upunguzwe. Alipiga picha za rangi na kuandika kitabu juu yake mwaka 1912. Alistaafu ualimu mwaka 1922. Silveria alimtangulia mwaka 1930, na yeye akafariki Madrid tarehe 17 Oktoba mwaka 1934, akiwa na miaka 82, akiwa ametoka tu kuandika risala ya mwisho kuitetea nyuroni. Katika miaka ya 1950 hadubini za elektroni zilionyesha pengo baina ya seli na seli, dogo mno, kama sehemu 20 ukiigawa milimita moja mara milioni. Alikuwa amesema kweli. Lakini na Golgi asihukumiwe bila ya kusikilizwa. Imeonekana pia kuwa baadhi ya seli, na katika retina zimo, zina vijilango vidogo vinavyounganisha jirani na jirani. Wavu haupo, ila mlango wa uani upo.

ALIYOYAACHA MLANGONI

Mwaka 1931, Cajal angali hai, wataalamu wawili, Mswidi von Euler na Mwingereza Gaddum, walitoa ndani ya ubongo na utumbo wa farasi kitu chenye nguvu ya ajabu, wakakiita dutu P. Baadaye, mwaka 1971, ilijulikana kuwa ni mkufu mfupi wa viungo 11 vya protini. Mwaka 1973 ukagunduliwa mkufu mwingine, somatostatini, wa viungo 14. Ikawa mikufu ya namna hii ni mingi, na ile inayotumiwa na seli za fahamu kupelekeana habari ikaitwa nyuropeptidi.

Basi katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu walipata rangi mpya zinazoshika nyuropeptidi peke yake. Wakazipaka retina za panya, sungura na paka. Miti ikawaka tena, kama ilivyowaka kwa Cajal, na mingi kati yake ilikuwa ni zile zile amakrini zilizomtatiza! Hii ina dutu P, ile ina somatostatini, nyingine mkufu mwingine. Leo katika retina ya panya peke yake wamehesabu aina zaidi ya 60 za amakrini.

Wakafuata na ile hila yake, wakatazama wachanga. Panya huzaliwa kipofu na hufumbua macho baada ya wiki mbili hivi, sungura kiasi cha siku 10. Jambo la kustaajabisha ni kwamba baadhi ya nyuropeptidi hizo zimo tayari ndani ya retina kabla ya macho kufumbuka, kabla mwanga wowote haujaingia. Kama hakuna cha kuona, zafanya nini? Wataalamu hudhani kuwa huenda katika siku hizo kazi yake ni kusaidia seli kukua na kuzoeana, kisha jicho likifumbuka huingia kazi nyingine ya kurekebisha kuona. Mafundi wanaojenga nyumba hugeuka kuwa watunzaji wake. Na swali la Cajal la vitu vinavyouvuta uzi lilipata majibu kwa mkono mwingine. Mwanamke wa Kitaliani, Rita Levi-Montalcini, alipata Nobel mwaka 1986 kwa kugundua kitu kinachozikuza seli za fahamu, na katika miaka ya 1990 vikajulikana vitu vinavyoziongoza nyuzi njia. Wazo alilolitupa mwaka 1892 halikuanguka chini.

Nimwambie msomaji kwa nini haya yamenigusa. Retina ya mtu mwenye sukari hupungukiwa na ile somatostatini. Madaktari wa Ulaya walijaribu kuwatia wagonjwa matone yake machoni kwa miaka miwili. Kwa jumla matone hayakuzuia maradhi, lakini kwa wale ambao seli zao za fahamu zilikuwa zimekwisha kuanza kudhoofu, udhaifu haukuzidi. Si tiba bado, na asiende mtu dukani kuyauliza. Lakini nilipolisoma hilo nilimkumbuka mamangu, na kijana mtundu wa Aragón aliyeangalia jicho la kifaranga wakati hakuna aliyejua litamfaa nani.

Mengine yanafaa leo hii. Sukari huila retina kimya kimya, bila maumivu, na mgonjwa huanza kulalama wakati nusu ya kazi imekwisha kuharibika. Mwenye sukari atazamwe nyuma ya jicho na daktari kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Ikigunduliwa mapema kuna miale ya leza na sindano zinazookoa uwezo wa kuona. Sisi tulichelewa. Usingoje mama asome msahafu kwa kuushika kwa kidole ndipo umpeleke.

Nyaraka na michoro ya Cajal iliingizwa mwaka 2017 katika kumbukumbu za dunia za Unesco. Nimeitazama baadhi yake. Seli za jicho zimesimama humo safu kwa safu, kila moja na matawi yake, hakuna mbili zilizo sawa, kama mikoko ya Tudor maji yakitoka. Nilizionyesha kwa mjukuu wangu wa miaka 8, ambaye mwalimu wake amenilalamikia kuwa anachora pembeni mwa daftari la hesabu. Akazitazama sana, kisha akaniuliza kama aliyechora haya alipigwa kwa kuchora. Nikamjibu kuwa alipigwa, ndiyo. Jioni nikapita dukani nikamnunulia kalamu za rangi.